Windfall, bonanza au godsend? Plethora, myriad au glut? Namna ya kuchagua neno lako

Mwaka 2024 nilipewa kazi ya kutafsiri kwa Kiingereza ripoti fupi ya chama cha msingi cha wakulima wa kakao wilayani Kyela. Kurasa nne, na nyingi zikiwa tarakimu. Bei ya kakao duniani ilikuwa imepaa: mwezi Machi mwaka huo soko la New York lilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya. Nami nikaandika kwamba wanachama walipata "a windfall harvest". Nilipomsomea mzee mmoja wa kamati, akaniuliza hilo neno maana yake nini. Nikamweleza: ni tunda lililoangushwa na upepo, mtu akapita akaliokota. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sisi hatukuokota. Ile miti nimeipogolea miaka kumi na miwili."

Nilifuta neno palepale. Lakini swali lilibaki: sasa niandike lipi? Ukifungua kamusi, windfall, bonanza, godsend, boon na jackpot zote zinakurudisha kwenye "bahati" au "neema". Plethora, myriad, slew na glut zote zinaishia kwenye "wingi". Mwandishi wa habari, mwanafunzi, mtu wa miradi anayeandika taarifa kwa mfadhili, wote wanakwama hapohapo na mwisho wanachukua lile linalosikika zuri. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ningependa. Huu ndio ulinganisho ambao ningefurahi kuupata wakati ule.

Tutapima kwa vigezo gani

Kila neno nitaliuliza maswali yaleyale. La kwanza ni chanzo: hicho kitu kimetoka wapi, na mhusika alikitolea jasho au la? La pili ni moyo wa neno: aliyepata anafurahi, anashusha pumzi, au kimemzidi hadi kinamkera? La tatu ni mahali: neno linakaa ofisini, gazetini au kijiweni? La nne ni sarufi, maana Kiingereza kinashika sana kihusishi, yaani vineno kama "of", "for" na "to". Neno sahihi likifuatwa na kihusishi kisicho chake, msomaji anajua mara moja kwamba limeazimwa. Mwisho nitasema linamfaa nani.

Kiasi chenyewe, yaani ni kikubwa kadiri gani, hakimo katika vigezo hivyo. Maneno haya hayapimi ukubwa. Yanaeleza kitu kilikujaje na kimepokelewaje.

Bahati iliyokuja ghafla

Windfall

Waingereza walilitumia tangu karne ya 15 kwa tunda au mti ulioangushwa na upepo, na karne iliyofuata likahamia kwenye mali isiyotarajiwa. Sisi tunasema mtu ameokota dodo chini ya mwarobaini. Picha ni karibu ileile, ila yetu ina mshangao zaidi, kwa sababu mwarobaini hauzai maembe.

Moyo wake ni furaha, lakini ndani ya furaha hiyo mna dai: hukuifanyia kazi. Dai hilo si dogo. Mwaka 1997 serikali mpya ya chama cha Labour nchini Uingereza, Gordon Brown akiwa waziri wa fedha, ilitoza kodi ya mara moja kwa mashirika ya umeme, maji na gesi yaliyokuwa yamebinafsishwa, ikakusanya takriban pauni bilioni 5. Kodi hiyo iliitwa windfall tax. Mei 2022, bei ya mafuta na gesi ilipopanda baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Rishi Sunak, waziri wa fedha wa wakati huo, alitangaza kodi ya ziada ya asilimia 25 kwa faida za kampuni za mafuta na gesi zinazochimba Uingereza. Yeye aliipa jina jingine, ila magazeti yakarudi kwenye neno lilelile. Hoja ya walioitaka ilikuwa imo ndani ya neno: bei ilipandishwa na vita, si na juhudi za kampuni. Ukiita faida ya mtu windfall, umeshaanza kumwambia kwamba sehemu yake anaweza kuigawa.

Mahali pake ni ofisini, kwenye bajeti, kwenye habari za uchumi. Linahesabika, kwa hiyo unasema "a windfall of 3 million shillings" au "windfall profits". Linamfaa anayeandika juu ya urithi ambao mtu hakuutegemea, malimbikizo ya mshahara yaliyokuwa yamesahauliwa, au bei ya dunia iliyopanda kwa sababu za mbali. Kwa baraka isiyo fedha, kama mtoto au rafiki mwema, halikai vizuri. Na kwa mavuno ya mtu aliyelima, mzee wa Kyela ameshasema.

Bonanza

Hapa Mtanzania ana mtego wake. Kwetu bonanza ni siku ya michezo: timu za mabenki zinakutana viwanja vya Leaders Kinondoni, kuna soka ya saba kila upande, kuvuta kamba, nyama choma na muziki. Ukiandika kwa Kiingereza "we attended a bonanza", msomaji wa London atashangaa ni hazina gani mliyoivamia. Kwa maana ile yetu, Kiingereza kinataka "sports day" tu.

Neno limetoka Kihispania, na asili yake inapendeza kwa mtu wa pwani: ni bahari shwari. Kilatini kililichukua kutoka Kigiriki, ambako bahari iliyotulia iliitwa "malakia", ulaini. Masikio ya Kilatini yakasikia "mal", ubaya, mwanzoni mwa neno zuri. Wakaigeuza kuwa "bon", wema. Wachimbaji wa magharibi ya Marekani wakalibeba hadi migodini: ukikutana na mwamba wenye madini uko kwenye bonanza, ukipiga mwamba mtupu uko kwenye borrasca, yaani tufani. Huko Nevada, kwenye mkanda wa madini ya fedha wa Comstock uliogunduliwa mwaka 1859, hazina kubwa kabisa iliyopatikana mwaka 1873 iliitwa Big Bonanza.

Kwa hiyo chanzo chake ni tofauti na windfall. Mchimbaji amechimba. Amebahatisha, ndiyo, lakini sururu ilikuwa mkononi mwake, na akishaufikia mwamba anaendelea kuchota kwa muda. Moyo wake ni shangwe, yenye kelele kidogo. Mahali pake ni biashara, utalii, matangazo, michezo. Gazeti litasema mashindano makubwa ya soka ni "a bonanza for hotels". Kihusishi chake ni "for" kwa anayefaidi na "of" kwa kinachomiminika. Linamfaa anayeeleza kipindi cha neema kwa wengi wenye kazi zao. Halifai kwenye barua ya rambirambi wala taarifa ya ukame uliopungua, kwa sababu ya zile kelele.

Ningeweza kumpa mzee wa Kyela neno hili? Nililifikiria. Lina jasho ndani yake, hilo ni jema. Ila linanukia tangazo la duka.

Godsend

Gari limekufa mlima Kitonga saa mbili usiku, malori yanapita yakikung'utia vumbi, simu haina chaji. Mara anasimama dereva mmoja mwenye spana na mkanda wa akiba unaoingia kwenye injini yako. Mungu si Athumani. Huyo dereva ndiye godsend.

Chanzo chake ni Mungu, au angalau mahali usipopajua. Moyo wake ni kushusha pumzi, na hapo linaachana na mengine yote: lazima kabla yake kuwe na shida. Tajiri akishinda bahati nasibu, hiyo si godsend. Mama mjane akipata kibarua wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, hiyo ni godsend hata kama malipo ni madogo. Laweza kuwa mtu, mvua, mkopo, au mwavuli. Linakaa popote, katika mazungumzo na katika maandishi, na halimuudhi asiye na dini kwa sababu matumizi ya kila siku yamelilainisha. Kisarufi hukaa baada ya "be": "the rain was a godsend to us". Usiliunge na "of" na kiasi. Hakuna "a godsend of 2 million". Linamfaa anayeshukuru.

Boon

Neno fupi, ndiyo maana wahariri wa vichwa vya habari wanalipenda. Lilitoka kwa watu wa Skandinavia wa zamani, ambao "bón" yao ilikuwa ombi au dua. Kiingereza kikalichukua kwa maana ya ombi, halafu likawa kile kilichoombwa, halafu manufaa yoyote. Kwa hiyo ni dua iliyojibiwa, ingawa leo anayelitumia hafikirii dua.

Tofauti yake kubwa ni muda. Windfall inakuja mara moja ikaisha. Boon inakaa na kuendelea kusaidia. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 haikumpa mama mboga fedha za kuokota, lakini tangu hapo ameweza kupokea malipo bila kubeba noti na kumtumia mtoto nauli bila kumtafuta kondakta wa basi. Hiyo ni "a boon to small traders", na "to" au "for" zote zinakubalika. Mahali pake ni gazetini na kwenye ripoti; midomoni halisikiki sana. Linamfaa mtu wa miradi anayetaka kusema barabara, kisima au sheria imewanufaisha watu na bado inawanufaisha. Kama umewahi kuandika kwamba kisima ni windfall kwa kijiji, badilisha leo.

Jackpot

Hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu yeyote aliyewahi kuona mkeka ukitiki. Limetoka kwenye mchezo wa karata wa poka huko Marekani karne ya 19: fedha za mezani zilizidi kulimbikizana hadi mchezaji apate jozi ya majeki au zaidi ndipo afungue dau. Chanzo chake, basi, ni kubahatisha kwa makusudi. Mhusika aliweka kitu mezani. Moyo wake ni mlipuko wa furaha. Mahali pake ni kijiweni, na katika usemi "hit the jackpot" linaweza kusimama kwa mambo mengine, kama kumpata mchumba mwema. Linamfaa anayesimulia kwa uchangamfu. Kwenye barua ya kuomba kazi liache.

Wingi

Hapa kosa la kawaida ni kubwa zaidi, maana maneno haya yanavutia. Mwanafunzi akijifunza plethora leo, kesho insha nzima ina plethora. Naelewa kabisa, Kiswahili chenyewe kina raha hiyo ya kusema kochokocho, kedekede, lukuki, chungu nzima. Ila hata sisi hatuyachanganyi hovyo. Matatizo ni lukuki, lakini maembe yakizidi hadi hayana bei ni bwerere.

Plethora

Chanzo chake ni hospitali. Kigiriki "plethore" ni kujaa, na waganga wa Ulaya walilitumia kwa mgonjwa waliyeamini damu imemzidi mwilini. Dawa ilikuwa kumtoa damu kwa kumchanja au kumbandika ruba. Kwa hiyo mzizi wa neno ni wingi unaoumiza. Leo kamusi zinakubali pia maana ya "nyingi" tu, lakini msomaji makini bado anausikia ule ujazo. Ukiandika kwamba wilaya ina "a plethora of schools", mtu kama huyo ataelewa shule zimezidi mahitaji. Umekusudia hivyo?

Moyo wake, basi, ni wa kati: wingi unaochosha, unaofanya kuchagua kuwe kazi. Mahali pake ni maandishi rasmi. Hufuatwa na "of" na nomino ya wingi, na kitenzi huufuata wingi huo. Linamfaa anayelalamika kwa upole: fomu zilezile kwa ofisi saba, programu za simu za mikopo zisizohesabika.

Myriad

Kigiriki tena, na safari hii ni hesabu kamili: elfu kumi. Anayesoma Biblia ya Kiswahili ameshakutana nalo bila kulijua. Katika Ufunuo 5:11 malaika wanahesabiwa "elfu kumi mara elfu kumi", na katika Kigiriki chake hapo pana myriad za myriad. Wafasiri waliweka tarakimu yenyewe, na nadhani walifanya vizuri, kwa sababu elfu kumi mara elfu kumi ina mwendo wa ngoma.

Moyo wake ni mshangao mbele ya kisichohesabika: nyota, mchanga, njia za kufanya jambo. Halina lawama kama plethora. Mahali pake ni maandishi yenye utulivu, hata ya kishairi. Kuna ugomvi wa zamani wa sarufi hapa: wapo walimu wanaokataa "a myriad of ways" na kudai "myriad ways" peke yake. Matumizi yote mawili ni sahihi, na lile la nomino ndilo lililotangulia katika Kiingereza. Mwanafunzi mwenye mwalimu mkali aandike "myriad ways", hatakosolewa na upande wowote. Linamfaa anayestaajabu, na pia anayetaka kusema aina ni nyingi na tofauti, si idadi tu.

Slew

Kiairishi "sluagh", umati au jeshi, likaingia Kiingereza cha Marekani karne ya 19. Hutamkwa "sluu". Ni la mazungumzo na magazeti ya Kimarekani: "a slew of new rules", msururu wa kanuni mpya. Halisifu wala halilaumu. Tahadhari moja: kwa tahajia hiyohiyo lipo pia tendo la kuua katika wakati uliopita, kwa hiyo msomaji wa haraka anaweza kujikwaa. Linamfaa mwandishi wa habari nyepesi anayewaandikia Wamarekani.

Glut

Shuka basi Ilula, mkoani Iringa, msimu ambao kila shamba limeiva siku moja. Matenga ya nyanya yamepangwa kando ya barabara kuu hadi jicho linachoka, wachuuzi wanakimbilia madirisha, na bei ya tenga inashuka kadiri jua linavyopanda, maana kesho nyanya zitakuwa zimelainika. Mavuno ni mazuri. Mkulima anaumia. Hiyo ndiyo glut.

Chanzo chake ni kumeza: Kilatini cha kubugia chakula, ndugu wa neno la ulafi. Soko limelishwa hadi limekinai. Moyo wake ni hasara, na si lazima iwe hasara ya kila mtu, kwa sababu mnunuzi anacheka. Mahali pake ni uchumi na biashara. Mfano ambao dunia nzima iliuona ni wa tarehe 20 Aprili 2020: janga la korona lilikuwa limesimamisha magari na ndege, mafuta yakakosa pa kuhifadhiwa, na mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ya kupokelewa mwezi Mei ukafunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Mwenye mafuta alikuwa akilipa ili ayaondoe. Waandishi wote waliandika "oil glut". Plethora isingetosha hapo, maana glut lina bei ndani yake. Sarufi yake ni "a glut of tomatoes" au "a tomato glut". Linamfaa anayeandika juu ya mazao, maziwa, nyumba za kupanga, hata wahitimu wa fani moja wasio na ajira, ingawa hilo la mwisho liandikwe kwa upole, wale ni watu.

Mengine kwa ufupi

Spate ni la Uingereza na asili yake ni mto uliofurika. Hutumika kwa matukio, mara nyingi mabaya, yanayofuatana kwa muda mfupi: "a spate of burglaries", kwetu wimbi la wizi. Maembe hayawezi kuwa spate. Cornucopia ni pembe ya mbuzi aliyemlea Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, inayomwaga matunda bila kuisha. Iko kwenye nembo ya taifa la Peru ikimwaga sarafu za dhahabu. Ni neno la kusherehekea vyakula au sanaa, na likitumika mara mbili katika ukurasa mmoja linachosha.

Na lipo "scores", ambalo nalipenda kwa sababu tuna pacha wake. Score ni ishirini, na ishirini kwetu ni korija. Lamu boriti za mikoko zimeuzwa kwa korija miaka na miaka. Habari ikisema "scores of people", tafsiri yake ni makumi ya watu. Mara nyingi naona imeandikwa "mamia", na katika habari ya ajali kosa hilo ni zito.

Kwa hali yako

Kama kuna fedha zilizoingia bila mtu kuzitafuta, chukua windfall, ila jiulize kwanza kama mwenyewe atakubali kuambiwa aliokota. Kama watu walikuwa tayari kazini na milango ikafunguka kwao wote, bonanza. Kama kulikuwa na shida na kitu kikaja kuitua, godsend, hata kiwe kidogo. Kama msaada bado upo leo na kesho, boon. Dau likiwa limewekwa, jackpot.

Kwa wingi, anza na aliyepokea. Anastaajabu? Myriad. Anachoka kuchagua? Plethora. Anashindwa kuuza? Glut. Matukio mabaya yanafuatana? Spate kwa Mwingereza. Mmarekani mwenye haraka mpe slew. Unaandika ombi la mradi na huna hakika kabisa? "Many" na "a large number of" hazijawahi kumnyima mtu ufadhili. Na kama unatafsiri kwenda Kiswahili, usiridhike na "bahati" na "wingi" tu wakati ngekewa, nyota ya jaha, zali, lukuki, msururu na bwerere zote zipo na kila moja ina kazi yake.

Ripoti ya Kyela ilitoka hivi: kupanda kwa bei kukaitwa windfall, kwa sababu hakuna mtu Kyela aliyeharibu mavuno ya Ghana. Mavuno yenyewe yakaitwa "the harvest", bila pambo lolote. Mzee aliposomewa tena hakusema chochote kuhusu maneno. Aliniuliza tu kama idadi ya magunia nimeiandika sawasawa.